Mpira Usiodakwa

Tumemzika Nekesa mwaka huu, kwao Kimilili, na tangu siku hiyo sijatulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta vumbi la kufuta mahali palipokwisha kufutwa. Si uchungu peke yake. Uchungu naujua, huwa unanilaza. Kinachoniwasha ni maneno yaliyosomwa pale kwenye hema: kwamba marehemu alikwenda Doha, akafanya mtihani wa leseni ya uuguzi, akapasi, halafu akaiacha kazi nono ya hospitali akarudi nyumbani kwa kuwapenda watoto wake. Akina mama wakapangusa macho. Mimi nikajikuta natikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Nyuma yangu mwanamke mmoja, sijui ni nani na sitaki kumjua, akamnong'oneza mwenzake, "Kupasi gani? Alianguka huyo, ndio wakamrudisha." Aliyekuwa akisoma ni Faith, kitinda mimba wa Nekesa, na aliyaona yote mawili, kichwa changu na mdomo wa yule mama. Baada ya mazishi alinifuata penye masufuria nikiwa na sahani ya wali mkononi. Hakuzunguka. "Shangazi, wewe ulikuwa naye. Mama alirudi kwa sababu yetu ama kwa sababu alishindwa?" Nikamwambia ngoja kwanza. Sikuwa namkwepa. Jibu lake halisemeki watu wakipita na mabeseni ya vyombo, na mimi kitu nusunusu siwezi. Ndiyo maana nauandika hapa mwaka wenyewe tuliokuwa Doha, 2011, ausome akiwa ameketi.

Kampuni ya hoteli ilikuwa imetuweka Muaither, pembeni ya Doha, kwenye vila kubwa ya rangi ya mchanga iliyogawanywa vyumba, wanawake peke yetu, na basi la kampuni lilitupeleka kazini The Pearl, kisiwa cha matajiri, na kuturudisha. Hoteli ilikuwa marumaru mpaka chooni. Mimi nilikuwa sekiuriti wa mlangoni, mpekuzi wa mikoba ya wanawake. Nekesa alikuwa chini kabisa, chumba cha kufulia, ambako kuna joto hata Januari. Chumbani tulikuwa wanne: mimi, Nekesa, Halima wa Mombasa aliyekuwa akitandika vitanda vya wageni, na Namukasa, Mganda wa jiko la wafanyakazi, mnene, mcheshi, ambaye Kiswahili alikijifunzia hapohapo kwetu na kukisema bila haya. Vitanda vya juu na chini, kabati moja la chuma kwa watu wawili, na AC iliyonguruma na kudondosha maji kwenye ndoo. Tukiizima tunaiva, tukiiwasha hatusikilizani, kwa hiyo mwaka mzima tuliongea kwa sauti za sokoni. Hata siri zetu tulizipigia kelele.

Nekesa alikuwa nesi. Nesi wa cheti, wa zahanati, wa kuzalisha wamama kwa tochi, na cheti chenyewe alikilaza katikati ya nguo kwenye sanduku ili kisikunjike. Wakala aliyemleta alimwambia ataanza hotelini kidogo tu, kisha akipata leseni atahamia hospitali. Leseni ni mtihani wa kompyuta, na alikuwa ameshaanguka mara mbili. Wa tatu ulikuwa mwezi wa kumi, na tuliambiwa ukianguka wa tatu basi, unangoja mwaka mzima ndipo uruhusiwe tena. Kandarasi yake ya hoteli ilikuwa inaisha Desemba. Yaani akipasi anakuwa sista, anavaa nyeupe, anapata nyumba, anaweza hata kuwaleta watoto wake watatu wamwone. Hakuwa amewatia machoni tangu aje. Akianguka, hakuna aliyetaka kumalizia sentensi hiyo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu. Asubuhi tulikwenda kanisani, kule nje ya mji wanakokusanyika Wakristo wote, tukasimama kwenye jua na Wafilipino na Wahindi kungoja zamu yetu ya ibada, kisha tukarudi tukiwa na njaa ya kumeza sufuria. Halima alibaki nyumbani, na tukirudi tunamkuta ameshapika samaki wa nazi. Nekesa alisonga ugali kwa unga alioufuata mpaka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyejua Wakenya bila ugali hawana amani. Sukuma wiki hakuna, tulikula spinachi na kuilaumu. Sahani zikishaondolewa, wanawake wa vyumba vingine walianza kuingia ukumbini, mmoja na mto wake, mwingine na mafuta ya nywele na kitana, na televisheni inawashwa, sauti inazimwa kabisa. Nekesa anaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kando ya skrini, kijiko cha mbao mkononi. Filamu inaanza.

Kama hujakulia kwetu, nikueleze. Kuna watu kazi yao ni kutafsiri filamu kwenye mabanda ya video, lakini kutafsiri ni neno la heshima tu. Wanaisimulia upya kabisa. Waigizaji wanapewa majina ya nyumbani, ukoo, na tabia ambazo mwenye filamu hakuziota. Nekesa alijifunza kwa kaka yake mwenye banda, na sijapata kusikia mwingine kama yeye. "Sasa huyu mzee wa koti jeusi ni Barasa, wa Webuye, alikuwa karani kiwanda cha sukari kabla mambo hayajaharibika. Cheki vile anatembea! Huyo amekuja kuchukua binti ya watu bila mahari!" Na mzee mwenyewe ni jambazi wa Kimarekani anayekwenda kuiba benki. Wanawake wanacheka mpaka wanashikana. Waliopiga pasi wiki nzima, waliotukanwa na wageni wiki nzima, kwa saa mbili walikuwa watu wa Webuye wenye mambo yao.

Mimi sikuwa nacheka vizuri. Ugonjwa wangu ni besiboli. Shuleni kwetu Meru alipita mwalimu wa kujitolea na gunia la glavu, akatufundisha sisi wasichana, na alipoondoka mchezo ulibaki mwilini mwangu kama malaria. Doha nilizifuata mechi za Marekani alfajiri, kwenye simu, nikingoja basi la kazi. Kwa asiyejua: mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo, nyuma yake amechuchumaa mdakaji. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi palepale alipoanzia, na hapo timu inapata pointi. Mengine yote ni kusubiri. Sasa filamu zao za besiboli! Mrushaji anarusha kama mtu anayemtupia paka kiatu, mguu wake wa nyuma umelala. Mpigaji ameshika gongo mkono wa chini ukiwa juu. Mtu wa shoto amevaa glavu ya mkono usio wake. Ubao wa pointi unasema hivi, dakika mbili baadaye unasema vile, na hakuna aliyepata pointi hapo kati. Na mwisho ni uleule kila siku, wawili wameshatoka, imebaki nafasi moja, na yule mnyonge anaupiga mpira unavuka ukuta. Aki nilikuwa nasikia kuumwa. Mpigaji bora duniani hukosa mara nyingi kuliko anavyopata, na huo ndio utamu wa mchezo, kwamba unakosa mbele za watu na kesho unarudi. Mtu asiyelijua hilo ana biashara gani na kamera?

Mwezi wa nne filamu ya besiboli iliingia ndani ya vila yetu yenyewe. Hotelini kitu alichosahau mgeni kiliwekwa stoo, na muda wake ukipita bila mwenyewe kukiulizia, anapewa aliyekiokota. Halima alipewa miwani ya jua na DVD. Miwani akavaa, DVD akanitupia: "Haya Kagendo, mchezo wako huo, leo utanyamaza." Sikunyamaza. Nekesa alikuwa hajui besiboli hata chembe, akaisimulia kama mpira wa miguu. Mpigaji akamwita Wanjala. Mdakaji akawa golikipa. Kila mtu akikimbia yeye anapiga kelele, "Gooooli!" Nikasimama katikati ya ukumbi. "Si goli! Hakuna goli! Na huyo hajafunga, ametoka, mpira ulidakwa kabla haujagusa chini!" Nekesa akaendelea. Nikasimama tena. Mara ya tatu akaweka kijiko chini, na nilimwona amekasirika kweli.

"Kagendo, hawa watu wamefua mashuka ya watu siku sita. Wacha wapate goli."

"Si ukweli."

"Na nani amekuomba ukweli?"

"Wallahi weye," Halima akanivuta sketi, "keti chini, unatuziba."

Namukasa akasema yeye anampenda Wanjala hata kama ametoka. Tangu hapo filamu hiyo ikawa ndiyo wanayoiomba, nadhani kwa ajili ya kuniona mimi nikipandwa na wazimu. Nekesa akajifunza sheria moja moja kutoka kwa kelele zangu, akazitumia pale alipotaka tu, na mwisho wa filamu, Wanjala anapoupiga mpira ukavuka ukuta, wanawake wote walisimama na kupiga vigelegele, na mimi nilitoka nje nikazunguka matangi ya maji mpaka wamalize.

Kile kilichomfanya awe bingwa ukumbini ndicho kilichomwangusha kwenye kompyuta. Nililigundua nikimsomea maswali. Kila jioni tukirudi, yeye akipiga pasi sare yake, mimi nimekaa kitanda cha chini na kitabu: mgonjwa ana umri fulani, ana homa, presha yake ni hii, utafanya nini kwanza? Nekesa anainua pasi, anafikiri. "Huyu ni mama wa sokoni. Amekuja kwa miguu, na mtoto mgongoni. Nikimwambia arudi kesho harudi, nauli hana. Mimi namlaza." Naangalia jibu: si kumlaza. "Nekesa, wapi wamesema ana mtoto mgongoni?" "Lazima atakuwa naye, sasa angemwacha na nani?" Nikampigia kelele: jibu kilichoandikwa, usiongeze mtu, usiongeze nauli, usiongeze mvua! Anacheka, anajaribu, maswali matano anayajibu sawasawa, la sita Barasa ameshaingia na kikohozi cha kiwanda. Na kweli, mgonjwa mwenyewe angekuwa mbele yake Kimilili, angekuwa amemjua hivyo hivyo na kumponya. Lakini kompyuta haina Kimilili. Kadiri mwezi wa kumi ulivyokaribia, hakuna aliyelala vizuri chumbani. Halima akaanza kumkatalia asifagie zamu yake, akaifagia yeye. Namukasa akamletea mayai kutoka jikoni, kwa ajili ya akili, alisema.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumatano. Nilikuwa mlangoni hotelini, nafungua mikoba ya watu bila kuona kilichomo. Ungekuwa jambazi ungepita na bunduki. Jibu hutoka hapohapo kwenye kompyuta, kwa hiyo nilijua kwamba kufikia saa za chakula cha mchana yeye ameshajua, na simu yangu ilikuwa kimya mfukoni. Jioni nilimkuta chumbani anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Hakulia. Akasema, "Zilibaki alama kidogo tu." Nikamuuliza kidogo kiasi gani, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, akanitazama, nikanyamaza. Baadaye akasema, "Kulikuwa na mzee mmoja kwenye swali, mguu umevimba. Nilijua kabisa wanataka jibu gani. Lakini Kagendo, huyo mzee alikuwa anaishi peke yake." Nikakaa naye kitandani. Nilikuwa na hasira na kompyuta, na wakala, na yule mzee wa mguu, na sikuwa na wa kumpiga. Akaniomba nisiwaambie wenzetu mpaka aseme mwenyewe.

Alhamisi supavaiza wa chumba cha kufulia, mama mmoja Mfilipino ambaye alimpenda sana, alimwita. Hili yule mwanamke wa nyuma ya kiti changu halijui, na Faith hulijui, kwa hiyo nalisema taratibu. Hakuna aliyemrudisha mama yako. Walimwambia asaini miaka miwili mingine, awe kiongozi wa zamu, mwaka ukiisha ajaribu mtihani tena. Ajibu Jumapili. Aliniambia kwenye basi, akiangalia dirishani. Mimi nikafurahi kama mjinga. "Sasa si hiyo ndiyo! Utarudi tena, tutasoma, safari hii nitakuchapa ukiongeza mtu!" Alisema tu kwamba AC ya basi ni kali, akajifunga mtandio.

Ijumaa Halima alipika pilau. Alikuwa hajui chochote, lakini aliona Nekesa ametulia, akadhani ni utulivu wa mtu aliyepasi anayengoja wakati wa kusema. Akawaambia vyumba vyote. Ukumbi ukajaa mpaka mlangoni, na mtu fulani akaiweka ile DVD ya besiboli, ya Wanjala, kwa heshima yake. Nekesa akageuza ndoo yake, akaketi, akaanza, na nilitegemea ataichapa haraka aimalize, lakini alisimulia vizuri kuliko siku zote. Sikusimama hata mara moja. Glavu zilikuwa kwenye mikono isiyo yake, ubao wa pointi ulidanganya, mimi nimekaa nimeng'ata kucha. Ikafika pale mwisho. Wawili wameshatoka, imebaki nafasi moja, Wanjala anapangusa jasho. Wanawake wameshaanza kuinuka kwa vigelegele.

"Anarusha," Nekesa akasema. Kwenye skrini gongo likazunguka, mpira ukaruka juu kule. "Amekosa."

Vigelegele vikakatika. Tuliusikia muungurumo wa AC.

"Amekosa," akarudia, sasa akiwa hatazami skrini. "Ilikuwa ni mara yake ya tatu. Wanjala ameanguka, wapenzi wangu. Ameanguka juzi Jumatano."

Halima akaweka mkono mdomoni. Walielewa mmoja baada ya mwingine, niliona ikipita kwenye nyuso zao kutoka mbele mpaka mlangoni. Kwenye skrini, yule mpigaji alikuwa ameanza kukimbia kuzunguka vituo, mikono juu, kama wanavyofanya.

Namukasa ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Banange. Kama yeye nakosa, kwa nini nakimbia?"

Nadhani Nekesa alikuwa amefika mwisho wa alichokipanga. Basi wote wakanigeukia mimi, ukumbi mzima, kwa sababu mimi ndiye mwenye ukweli wa mchezo huo, mimi niliyewaharibia Ijumaa zao tangu mwezi wa nne. Halima akasema, "Kagendo. Sema weye. Yawezekana?"

Nikasimama. Na Mungu ni shahidi yangu kwamba sikutunga. "Inawezekana," nikasema. "Sheria ipo. Mpigaji akikosa mara ya tatu, na mdakaji nyuma yake asiudake mpira ule, ukaponyoka, na wawili wameshatoka, basi hajatoka bado. Anaruhusiwa kukimbia. Amekosa, na anakimbia, na ni halali."

"Ni kweli kabisa ama unamhurumia?" mtu akauliza kutoka mlangoni.

"Lini mimi nimemhurumia mtu kwenye mchezo huu?"

Wakacheka, kicheko chenye machozi, na Halima akapiga makofi: "Haya, yalla! Akimbie basi!" Nekesa akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, si kabla, si baadaye. Akachukua kijiko chake cha mbao kutoka sakafuni, akageukia skrini, na sauti yake ikarudi, ile ya ukumbini.

"Sasa anakimbia. Wamemwambia, Wanjala, kaa hapa, tutakupa nafasi nyingine, miaka miwili, utajaribu tena. Amewaambia asante sana, shukran, khalas. Jumapili atawaambia kwa mdomo wake. Hasimami. Amepita kituo cha kwanza. Amepita cha pili, angalia, hata kofia imeanguka na haiokoti. Anarudi pale alipotoka." Mpigaji alikuwa amepinda kona ya mwisho. Mbele yake wachezaji wenzake walikuwa wamejipanga wakimngoja, wanarukaruka. Nekesa akainuka kwenye ndoo akaenda mpaka kwenye skrini, akamgusa mmoja kwa kijiko. "Yule mrefu ni Brian. Sauti yake imeshabadilika, kwenye simu nilidhani ni mwanaume mgeni. Yule anayeruka sana ni Wafula, huyo hajui kutulia." Kijiko kikatafuta kwenye kundi, kikapata mchezaji mmoja mfupi aliyekuwa nyuma, nusu amefichwa na mabega ya wenzake. Kikabaki hapo.

"Na huyu mdogo ni Faith. Nilimwacha hajaanza kutembea. Hanijui. Namwona ananiangalia hivi, anajiuliza, huyu mama ni nani anayekuja mbio."